Mke Mwema wa Tangazo la Sabuni

Mume wangu Soud ni mtu mzuri. Nalisema hili mwanzo kabisa asije akadai nimemsengenya. Anauza simiti na mabati Chake Chake, hakosi swala, hakosi kuwaletea wanawe halua akirudi kutoka mjini. Anachokosa ni habari kwamba nguo zake huchafuka. Kwake yeye kanzu huvuliwa Ijumaa jioni, ikatundikwa nyuma ya mlango, na Ijumaa ya pili hukutwa kabatini imekunjwa, nyeupe, inanukia udi. Katikati hapo kunapita nini, hajawahi kuuliza.

Kinachopita ni mimi. Nasomesha skuli ya msingi, na nikirudi nyumbani nakutana na sare za watoto wanne, mashuka, mapazia, na zile suruali zake za dukani zilizojaa simiti, ambazo ukichelewa kuzitia majini unahitaji nyundo. Mwaka jana bega langu la kulia likaanza kukataa kunyanyuka. Nikamwambia Soud tununue mashine ya kufulia. Hakukataa. Soud hakatai kitu. Hutabasamu akasema "Inshaallah", na inshaallah yake ile ni chumba kisicho na mlango wa kutokea.

Ijumaa moja tulikuwa kwa wazee wake, Gombani, tumemaliza kula wali na mchuzi wa pweza. Baba mkwe wangu, Mzee Kificho, alikuwa ameshaingia ndani kujinyoosha. Ni fundi cherehani mstaafu, ana ndevu nyeupe zinazomfika kifuani, mpole, haongei ila akiulizwa. Mama mkwe, Bi Saada, alibaki nasi ukumbini. Yeye ni mfupi, mkavu, amepita sabini, na miwani yake ameifunga kwa uzi. Nikaingiza tena neno la mashine, kwa adabu, mbele ya mama yake, nikitumai ataona haya.

Soud akatoa simu.

"Ngoja nikuonyeshe kitu tulichotumiana leo kundini," akasema. Hilo kundi ni la wanaume watupu, linaitwa Nguzo za Nyumba. "Tazama. Mama, na wewe tazama, hii ni ya zama zenu."

Ilikuwa picha ya tangazo la zamani la sabuni ya mche. Mwanamke kijana, mwembamba, amejitanda kanga, macho ameyashusha, anaanika kanzu nyeupe kwenye kamba. Anatabasamu. Pembeni yake amesimama mwanamme mwenye kofia, ameshika ukosi wa kanzu kwa vidole viwili, kama mtu anayekagua samaki. Chini yake pameandikwa: *Mume wangu ananisifu tangu nitumie sabuni hii!* Na chini ya hapo, mtu wa leo ameongeza maneno yake kwa maandishi mekundu: *Hawakuwa na mashine. Hawakulalamika. Wako wapi wanawake kama hawa?*

"Unaona?" Soud akaniambia. "Hana mashine, na anacheka."

"Anacheka kwa sababu picha ikishapigwa anakwenda zake," nikamjibu.

"Maha, wewe kila kitu ubishi. Mama, si ndivyo mlivyokuwa?"

Bi Saada aliichukua simu, akaisogeza, akairudisha, akamwambia Soud aikuze ile sura. Soud akaikuza. Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Kisha akaanza kutikisika. Nilidhani amepaliwa na mfupa, ingawa pweza hana mfupa. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko kisichotoa sauti, mkono mmoja ameegemea ukuta.

"Baba Soud!" akaita alipopata pumzi. "Wee Baba Soud! Njoo kuno, umepatikana!"

Mzee Kificho akatoka chumbani na kikoi chake, macho yamejaa usingizi. Akaoneshwa simu. Usingizi ukamwisha palepale.

"Saada," akasema taratibu. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi sitamwambia mtu, na sikumwambia mtu tangu hao hawajazaliwa. Mwanao kajiletea mwenyewe, tena kaja kunisomesha nayo." Akamgeukia Soud. "Mwanangu, mwanamke huyo unayemtaka ndiye baba yako."

Soud alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri mzaha uishe. Haukuisha. Akatazama simu, akamtazama baba yake, akatazama simu tena. Mzee Kificho alikuwa amekaa chini, anazichezea ndevu zake kama anayehakikisha zipo.

Basi mama akatuhadithia, na pale aliporuka jambo, mzee alilisahihisha.

Kificho alikuwa mwanafunzi wa ushoni kwa Mzee Yussuf, pale Chake Chake, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Alikuwa kijana asiye hata na unyoya kidevuni, kope ndefu, shingo nyembamba. Akaja wakala wa sabuni kutoka Unguja, na mpiga picha, na dereva. Walikuwa wanatafuta mke wa Kipemba wa kutia kwenye tangazo. Matangazo yao yote kabla ya hapo yalikuwa na wazungu wa kike waliofunga aproni, na wakubwa wa kampuni walikuwa wamegundua, baada ya kufikiri sana, kwamba wanunuzi wa Pemba si wazungu.

Wakazunguka mji mzima. Hakuna baba aliyekubali bintiye apigwe picha ibandikwe kwenye milango ya maduka, na hakuna mume aliyekubali mkewe. Bwana Hamzah, mwenye mashamba ya mikarafuu, Mwarabu wa watu mwenye heshima zake, aliwaambia kwamba nyumbani kwake jike pekee wanaloweza kulipiga picha ni ng'ombe, naye aulizwe kwanza. Jioni wakala akaingia kwa Mzee Yussuf kushonesha kifungo, amekata tamaa, akamwona Kificho ameinamia cherehani.

"Nikaambiwa nivae kanga," mzee alisema. "Nikamtazama bwana wangu. Bwana wangu akaniambia, vaa, hawa watu wanataka kurudi kwao."

Wakamvisha nyuma ya duka. Kanzu iliyoanikwa ilikuwa mpya, imeshonwa mchana uleule na haijawahi kuona tone la maji. Mume mwenye kofia alikuwa yule dereva. Midomo myekundu ilipakwa huko mbali kulikochapishwa. Kwa hiyo katika picha ile ya mke mwema, sabuni bora na mume mwenye shukurani, hapakuwa na mke, wala mume, wala sabuni.

Upande wa pili wa kisiwa, kule Msuka, Saada alikuwa msichana mdogo na baba yake ana kiduka. Lile tangazo lilipoletwa, lilibandikwa ndani ya mlango wa duka, kando ya mengine. Mama anayakumbuka yote. Palikuwa na la samli: picha ya kwanza mume anaisukuma sahani, mke analia, picha ya pili mke kanunua samli, mume kafurahi, na kilichokumbatiwa ni kopo. Palikuwa na la jiko la mafuta ya taa, lililosema mama sasa atapata nafasi ya kupumzika, na mama mwenyewe amechorwa anapumzika kwa kusimama, kijiko mkononi, viatu vya visigino miguuni. Palikuwa na la unga wa kusugulia masufuria, ambamo mwanamke anajitazama kwenye sufuria kama kioo na kuridhika na anachokiona. Hakuna hata mmoja aliyetoka jasho. Hakuna aliyeingiwa na moshi machoni. Wote walikuwa wakitazama kitu cha kusafisha kwa macho ambayo mtu wa kawaida humtazamia mwanawe aliyerudi safari.

Lakini yule wa kanzu ndiye aliyemtesa, kwa sababu alikuwa wa hapahapa. Mama yake Saada alimfanya kama jirani. Nguo zikitoka na doa: "Mtazame mwenzio." Saada akinuna juu ya karai: "Mwenzio anacheka." Kaka zake wakarukia na wao. Akiwa anafua kisimani hupita wakamkumbusha atabasamu. Siku moja akajaribu kweli, akafua nguo za nyumba nzima huku katoa meno, hadi bibi yake akauliza kama mtoto kapandwa na shetani.

"Nilimchukia mwanamke yule," mama akasema. "Wallahi sijamchukia mtu vile. Nilikuwa nikipita mlangoni namtolea ulimi."

Akakua, akaposwa. Mposaji alikuwa fundi cherehani wa Chake Chake, mtulivu, mwenye ndevu nyingi kuliko umri wake. Ndevu hizo alikuwa amezifuga haraka haraka tangu matangazo yalipoanza kubandikwa, akiogopa kutambuliwa. Mzee Yussuf, aliyekuwa mtu pekee wa Chake anayejua, alikuwa ameshafariki na kicheko chake. Ndoa ikafungwa. Wakaishi vizuri miezi ya mwanzo. Kisha Kificho akatoka jipu kidevuni, kinyozi akamwambia ndevu zote ziondoke, akanyolewa, akarudi nyumbani magharibi.

"Nilikuwa natoka jikoni na sinia," mama akasema. "Nikamwona yule mwanamke kasimama mlangoni kwangu. Sinia likaanguka na wali wote. Nikadhani kanifuata kutoka Msuka."

Kificho alijaribu kukana. Lakini Saada alikuwa ameitazama ile sura utoto wake wote, aliijua hadi kope. Mwisho akakiri, akalia, akamwomba asimwambie mtu maisha yake yote. Saada akaahidi. Kisha akaenda ndani, akatoka na nguo chafu za wiki nzima, akazimwaga miguuni pa mumewe.

"Nikamwambia, haya bibi. Tuoneshe."

Kificho akafua. Alifua kwa nia safi kabisa. Akasugua, akasuuza, akasikia nguo nyeupe hutiwa nili ili zing'ae, akatia nili yote iliyokuwemo ndani. Nguo zikatoka rangi ya mbingu. Ijumaa ile akaenda msikitini na kanzu ya buluu, na kwa kuwa ni fundi, watu wawili walidhani ndiyo mtindo mpya, wakaagiza.

"Na baada ya hapo?" nikauliza.

"Baada ya hapo nikafua mimi," mama akasema. "Mpaka leo."

Mzee Kificho aliinamisha kichwa. Soud alikuwa bado ameshika simu, imezima. Nilimtazama nikidhani atasema neno kwa mama yake. Alichosema ni, "Tafadhali, habari hii isitoke nje." Na ile picha hakuiondoa kundini. Alisema imeshakwenda, watu wameshaisambaza, mtu haizuii mvua kwa kiganja.

Kweli ilikuwa imeshakwenda. Haukupita muda mrefu, tukasikia kutakuwa na mhadhara mkubwa wa maadili ya ndoa katika ukumbi mmoja hapo hapo Gombani, na mhadhiri ni Ustadh Hudhaifa. Hudhaifa nilikuwa namjua kwa sauti, maana anasikika kwenye simu za watu wote. Alikuwa kijana nadhifu, mfasaha, hajaoa, na kwa hiyo alijua kila kitu kuhusu ndoa. Alikuwa pia miongoni mwa Nguzo za Nyumba.

Soud alijaribu kuwazuia wazee wasiende. Akasema kutakuwa na joto, viti ni vigumu. Lakini Mzee Kificho anapenda mihadhara, na Bi Saada hawezi kuachwa nyumbani kukiwa na watu mahali. Nikaenda nao. Wanaume upande mmoja, sisi upande wa pili, katikati pazia. Jukwaani, juu kabisa ambako pande zote mbili zinaona, palitundikwa bango la urefu wa mtu na nusu. Na juu ya bango, anaanika kanzu, alikuwa baba mkwe wangu.

Mama akanibana mkono. "Ya Rabi," akanong'ona. "Wamemfanya mkubwa."

Hudhaifa akaanza. Alisema vizuri, sikatai. Alisema mwanamke wa leo kazi anaijua, anachokosa ni furaha ya kazi. Akaligeukia bango na kijiti mkononi, akatufundisha kulisoma. Tulitazame jicho lilivyoshuka: hiyo ndiyo haya. Tuitazame mikono: mikono iliyozoea kuhudumu. Tulitazame tabasamu: je, huyu aliomba mashine? Hapo wanaume wengine wakaitikia, na sauti moja nikaijua, ikaanza kuitikia ikajikata katikati.

"Mama huyu," Hudhaifa akasema, na sauti yake ikalainika, "jina lake hatulijui. Kwa umri, bila shaka ameshatangulia mbele ya haki. Ametuachia darsa. Ndugu zangu, tunyanyue mikono tumsomee Fatiha."

Ukumbi mzima ukanyanyua mikono.

"Ngojeni!" ikatoka sauti upande wa wanaume. "Ngojeni kwanza!"

Nikachungulia pembeni ya pazia. Mzee Kificho alikuwa amesimama, bakora mkononi. Mtu aliyeficha jambo lile tangu ujana wake, aliyefuga ndevu kwa ajili yake, alikuwa amevumilia jicho, akavumilia mikono, akavumilia tabasamu. Lakini kusomewa kama maiti huku anasikia kulimshinda.

"Mzee wangu, kaa, tunamaliza sasa hivi," Hudhaifa akamwambia.

"Sikai. Huyo mnayemwombea ni mimi, na mimi sijafa."

Watu wakatazamana. Mmoja akasema mpelekeni mzee nje apate hewa. Mzee akampiga kikumbo.

"Msinipeleke. Nilikuwa kijana wa fundi Yussuf. Nilivishwa kanga. Jicho limeshuka kwa sababu jua lilikuwa linanichoma. Na hiyo mikono, ustadh, haijafua hata leso."

"Pengine umechanganya, babu. Ni zamani sana."

Mzee Kificho akageukia pazia. "Saada! Huko uliko, waambie!"

Bi Saada hakuhitaji kipaza sauti. "Ndiye yeye!" akasema. "Nimelala naye miaka yote hiyo, kama simjui mimi nani amjue? Na siku moja tu aliyofua alizitia nguo nili zikawa buluu!"

Upande wetu ulilipuka. Wanawake walicheka wakashikana, wengine wakajifunika nyuso kwa buibui na bado wakasikika. Upande wa wanaume walijaribu kunyamaza, kisha mzee mmoja akaangua kicheko na wengine wakamfuata. Soud alikuwa ameinama, anakifunga kiatu kisicho na kamba.

Hudhaifa alisubiri. Lazima nimpe haki yake, hakutetereka. Alipopata nafasi alisema: "Hata ikiwa ni mwanamme, ndugu zangu, mafunzo yanabaki palepale."

Kando yangu alikuwa amekaa Bi Mwanakhamis, mama wa Kojani aliyevuka maji asubuhi ile kwa ajili ya mhadhara tu. Akasimama.

"Ustadh," akasema, "ikiwa mfano ni mwanamme, basi na wanaofunzwa wawe wanaume. Sisi tusubiri nje?"

Fatiha ilisomwa hatimaye, kwa kuwaombea waliotangulia wote kwa jumla, bila kumtaja mtu. Bango likateremshwa na vijana wawili waliokuwa hawajui waliangalie au wasiliangalie.

Mashine imenunuliwa. Sikuiomba tena, Soud aliileta mwenyewe wiki ileile, fedheha yake ikiwa bado haijapoa. Kwenye boksi lake kuna picha ya mwanamke aliyeikumbatia, nywele zinapepea ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Wageni wakija, Soud huwapeleka kuiona. "Nimemnunulia Maha mashine," huwaambia, na wageni hunipongeza, kana kwamba nguo za nyumba nzima ni ugonjwa wangu mimi na sasa imepatikana dawa. Jumamosi iliyopita alitia humo kanzu yake kwa mkono wake, akapiga picha, akaipeleka kundini na maneno: *Leo namsaidia mke wangu kufua kanzu yangu.* Alisifiwa mno.

Mzee Kificho amekuwa mwepesi tangu siku ile. Anaongea. Watu humsimamisha njiani awahadithie, naye huhadithia, na kila mara anamwongezea dereva ubaya wa sura. Hudhaifa ameposa. Amekubaliwa na familia ya mwalimu mwenzangu mmoja, na wanawake wa skuli yetu tumejiandaa kwenda harusini wote.

Juzi nilimkuta mama peke yake barazani. Nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikaa rohoni: hakuona uchungu, kumfulia mtu yule maisha yote, akimjua ni nani?

"Baba Soud nilimpenda," akasema. "Nguo zake sikuzipenda hata siku moja. Watu ndio humtia mtu na nguo zake karai moja."

Kisha akaniambia nisogee, nimemzibia mwanga. Alikuwa anachagua mchele.